Tulivyozichuna Ndimu za Mama Odette

Wenzangu wa Nyakabanda mtanisahihisha nikikosea. Nazungumzia miaka ile ambayo vichochoro vyetu vilikuwa vya udongo mwekundu, havijawekwa mawe, na mvua ikinyesha tulirudi kutoka shule viatu tumevishika mkononi ili visiharibike. Nyumba zilitenganishwa na ua wa miyenzi, ule mmea unaotoa maziwa ukiuvunja, na ua wenyewe ulikuwa na matundu mengi hata kuku hawakujua wao ni wa nani. Asubuhi uliweza kufumba macho ukaitaja kila nyumba kwa harufu yake. Hapa wanachemsha maharage, pale wanakaanga mandazi, kule fundi viatu ameanza kuyeyusha gundi. Nyumba yetu ilinukia ndimu.

Haya yote nimeyakumbuka kwa sababu ya mshtuko alionipa binti yangu Nadia. Jumapili moja mwezi uliopita alinijia jikoni mbio, simu mkononi, macho yamemtoka.

"Mama, ulijua kwamba ganda la ndimu linaliwa?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Si utani, Mama. Iko mpishi mmoja wa Ulaya, anaikwaruza ndimu kabla hajaikata. Anachukua ule unjano wa juu tu, anautia kwenye keki. Sasa hivi kila mtu anamwiga. Ni kitu kipya!"

Kitu kipya! Ilibidi nivute kiti nikae. Mtoto wa miaka kumi na minne, mjukuu wa mwanamke aliyekwaruza ndimu mpaka kucha zake zikabadilika rangi, ananionyesha kwa kidole chake kilichopakwa rangi jinsi Mzungu anavyoparuza ndimu. Na anaparuza vibaya, nawaambieni, anazama mpaka kwenye weupe. Kwanza nilitaka kumcheka. Halafu nikajiuliza, mtoto huyu nimemsimulia nini hasa? Keki za siku zake za kuzaliwa nimezinunua dukani zote. Hata kwa nini watu wa rika langu wananiita Maganda tukikutana harusini, hajui. Basi nikaifunga ile simu, nikamsimulia. Na nyinyi nawasimulia vilevile.

Mama yangu alikuwa Mama Hadija, na Hadija ndiye mimi. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, wiki tatu yuko njiani, siku nne yuko nyumbani amelala. Babu yake Mama alikuja Kigali na biashara ya nguo kutoka pwani, akaoa hapa, akazikwa hapa, na kitu pekee cha pwani kilichobaki nyumbani kwetu ni Kiswahili cha Mama na mapishi yake. Alipika keki za Idi na za harusi, za Waislamu na za Wakristo bila kubagua. Hakuwa na tanuri. Alikuwa na sufuria kubwa yenye mchanga ndani, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko, na masikio. Ndiyo, masikio. Aliinama akaisikiliza keki, akasema, "Bado inaongea," tukaongeza mkaa. Iliponyamaza, akaipua.

Lakini siri yake ilikuwa ganda la ndimu. Kikwaruzo chake alikitengeneza mwenyewe. Alipasua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa kwa msumari mamia ya matundu, akaligongomea kwenye kipande cha ubao, ile sehemu yenye makali ikitazama juu. Sisi watoto, mimi wa miaka tisa na mdogo wangu Zaituni wa saba, ndio tuliokuwa wakwaruzaji. Ndimu unaiosha, unaikausha kwa kitambaa, maana ikiwa na maji ganda linagandana. Halafu unaipitisha juu ya kopo mara mbili tu, unaigeuza, mara mbili tena, unaigeuza. Ukiona weupe umechelewa, maana weupe ni uchungu mtupu. "Wewe mvue nguo," Mama alikuwa akituambia, "usimchune ngozi." Yale mavumbi ya njano yaliyonata chini ya kopo tuliyakung'uta kwenye bakuli la sukari, na Mama akaingiza mkono, akayasugua na sukari kati ya vidole mpaka sukari ikalowa na kunukia nyumba nzima. Huo ndio wakati tulioungojea. Aliturudishia bakuli likiwa limebakiwa na sukari kwenye kingo, tukalilamba kwa zamu, na siku ile hakuna aliyetamani kwenda kuruka kamba wala kucheza mpira wa majani ya migomba.

Ndimu zilizobaki hazikutupwa. Ndimu iliyovuliwa ganda hukauka upesi, siku mbili tatu ni jiwe. Kwa hiyo Mama alizikamua siku hiyohiyo, juisi kwa majirani, makapi ya kusugulia masufuria.

Upande wa pili wa ua wa miyenzi aliishi Mama Odette. Alikuwa Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na Kiswahili chake kilitoka huko, kitamu na cha haraka. Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, mjane, muuza vitenge. Alikuwa na vitu viwili anavyovipenda: binti yake Odette, aliyetusuka nywele sisi wote wa kichochoro kile bila kutuumiza, na mti wake wa ndimu. Mbegu ya mti ule aliibeba kutoka uani kwa mama yake, imefungwa kwenye leso, siku alipohama. Mti ulikuwa umejaa miiba, umejaa ndimu, na aliutunza kama mtoto wa pili.

Odette alipochumbiwa, keki ikaagizwa kwa Mama. Fikirieni heshima hiyo. Keki ya ghorofa tatu, wageni kutoka Kigali, kutoka Butare, kutoka Bujumbura. Mama hakulala vizuri wiki nzima. Siku kumi kabla ya harusi akaenda kwa Mama Odette kuomba ndimu ishirini.

"Mama Hadija, nisamehe," Mama Odette akamwambia, nami nilikuwepo, nimeshika upindo wa kitenge cha Mama. "Hizi ndimu zote ni za juisi ya wageni. Sitachuma hata moja mpaka Ijumaa ya kuamkia harusi. Nimezihesabu kwa macho, zinatosha kabisakabisa."

Tukarudi. Mama akawa ananung'unika huku anachochea mkaa. "Mimi juisi yake sina haja nayo. Juisi abaki nayo. Mimi nataka ganda tu."

Haya ndiyo maneno aliyoyasema. Naapa. Mimi na Zaituni tuliyasikia kwa masikio yetu mawilimawili.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo watu wazima wote hutoka kufanya kazi za mtaa. Mama akachukua jembe, Mama Odette akachukua jembe, Odette akachukua ufagio, wakaondoka pamoja kwenda kuzibua mtaro wa chini. Kichochoro kikabaki kwa watoto na kuku. Nami nikamwambia Zaituni, "Kama Mama anataka ganda, na Mama Odette anataka juisi, si kila mtu apate chake?"

Zaituni akaliona jambo hilo kuwa la haki kabisa.

Tukapita kwenye tundu la ua na kikwaruzo na bakuli. Mimi nilivuta tawi chini, nikaishika ndimu ikiwa bado imening'inia kwenye kikonyo chake, nikapitisha kikwaruzo juu yake, mara mbili, geuza, mara mbili, geuza. Zaituni alikaa chini ya mti ameinua bakuli kama mtu anayekinga mvua. Miiba ilituchana mikono, jasho likaingia kwenye mikwaruzo, maji ya ganda nayo yakaingia, ikawasha kama pilipili. Hatukujali. Tulifanya kazi safi, wala weupe hatukuugusa zaidi ya ule wa kawaida. Tulipomaliza za chini nikapanda juu ya ndoo. Tulipomaliza za ndoo nikapanda mti. Hakuna ndimu hata moja tuliyoichuma. Moja ilianguka kwa bahati mbaya, tukaiweka vizuri mlangoni kwa Mama Odette, maana sisi hatukuwa wezi.

Mama alirudi saa tano, miguu imejaa matope. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, uso ukafunguka.

"Mashallah! Amewapa ndimu?"

"Hatukuchukua ndimu, Mama," nikasema kwa fahari. "Zote tumemwachia. Tumechukua ganda tu, kama ulivyosema."

Mama akaliangalia bakuli. Lilikuwa limejaa njano mpaka juu. Naona alikuwa bado anajaribu kuyaelewa maneno yangu wakati ukelele uliposikika upande wa pili wa ua. Haukuwa ukelele wa hasira. Ulikuwa ule wa msiba.

"Mana yanjye weee! Yesu Maria! Njooni mwone!"

Tukakimbilia kwenye tundu la ua, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipouona mti kwa mara ya kwanza. Asubuhi nilikuwa nimeiona ndimu moja moja, ile iliyo mkononi. Sasa niliziona zote pamoja. Mti mzima ulikuwa umejaa vitu vyeupevyeupe, vyenye mabaka, vinang'aa kwa unyevu kama vichwa vya watoto walionyolewa na kiwembe kibovu. Upepo ulizitikisa. Mpaka leo nikifumba macho naziona.

Nikamgeukia Mama nikitarajia ataniuliza, au atanipiga. Badala yake alifanya jambo lililonishtua kuliko mti. Alirudi ndani, akalifunika lile bakuli kwa sahani, akalisukuma chini ya kitanda mpaka ukutani. Akatuambia kwa sauti ya chini, bila kututazama:

"Kimya. Hata neno moja."

Kisha akajifunga kitenge chake vizuri, akapita kwa mlango wa mbele, akaenda kwa Mama Odette huku anapiga makofi ya mshangao. "Jirani, kuna nini? Kumetokea nini?"

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na sikuwahi kumwona Mama akidanganya. Sikujua hata kwamba anaweza. Mama aliyenirudisha dukani na mua niliozidishiwa! Nilimfuata nyuma, Zaituni ameng'ang'ania gauni langu.

Watu walikuwa wameshajaa uani, majembe bado mabegani. Kila mmoja alikuja na maelezo yake. Mmoja alisema ni popo. Mwingine akasema ni mvua yenye tindikali, kitu alichokisikia redioni. Mwanamke mmoja aliyekuwa na ukoo na bwana harusi aliuzunguka mti kwanza, akasema polepole, "Mimi sitaki kusema. Lakini ndimu za harusi kuchunwa ngozi zikiwa hai, na harusi imebakiza siku saba... Mimi ningekuwa nyinyi ningeongea na wakubwa. Pengine tarehe isogezwe."

Odette alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake. Aliposikia hivyo akaweka ufagio chini, akajifunika uso. Alilia bila sauti. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika.

Halafu akaja nyumbakumi, kiongozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Viyane. Alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Akakata kijitawi, akakinusa, akakitazama juani.

"Hii ni ndwara," akasema. "Ugonjwa. Nimeona kwenye migomba huko kwetu. Ukiacha leo, kesho iko kwenye avokado zote za mtaa. Mama Odette, pole sana, lakini huu mti unakatwa na unachomwa leo."

"Mzee, mbegu yake niliitoa kwa mama yangu," Mama Odette akasema. "Mama yangu hayupo tena. Nitatoa wapi mbegu nyingine?"

"Najua. Pole."

Akanyanyua panga. Nikamtazama Mama. Alikuwa amesimama karibu kabisa na Mama Odette, amemshika mkono, amemshika kwa nguvu, na midomo yake imefungwa. Nilisubiri aseme. Panga likashuka, kipande cha gome kikaruka, maji ya mti yakaanza kutoka. Bado nikasubiri. Mzee Viyane akainua panga mara ya pili.

"Usikate! Ni mimi!"

Sauti ilitoka yenyewe. Watu wakageuka. Mtu mmoja akacheka.

"Wewe umefanya nini, kadogo?"

"Nimekwaruza ndimu. Mimi na Zaituni. Tulitaka ganda tu. Juisi iko ndani, hatujaigusa." Nikawaonyesha mikono yangu iliyochanwa na miiba. Walikuwa bado wanatazamana kama hawaamini, kwa hiyo nikaongeza, mimi mtoto mpumbavu, "Ganda liko nyumbani. Liko kwenye bakuli chini ya kitanda cha Mama."

Macho yote yalihama kutoka kwangu, yakaenda kwa Mama. Mama Odette akauangalia mkono wake ulioshikwa, akautoa polepole.

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi," Mama akasema.

"Sasa hivi lini, Mama Hadija? Kabla ya panga au baada ya panga?"

Ningekuwa mkubwa ningemwombea Mama apate uongo mwingine.

"Kabla."

Mama Odette hakupiga kelele. Aliketi chini, palepale kwenye udongo, na nguo zake za umuganda. "Ungeacha mti wangu ukatwe," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. "Ungemwacha binti yangu aharibikiwe na harusi. Kwa sababu ya keki."

"Kwa sababu ya aibu," Mama akasema. "Niliogopa."

"Toka kwangu."

Tukatoka. Watu walitupisha njia, na njia ile ya hatua thelathini ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda shule. Nilijua nimekwisha. Siyo kwa ndimu, kwa bakuli. Nilikuwa nimemwanika mama yangu mbele ya mtaa mzima. Nyumbani Mama alikaa kitandani, akalivuta lile bakuli, akalifunua. Harufu ikajaa chumbani kama hakuna kilichotokea.

"Umeniaibisha," akaniambia. "Na umefanya vizuri. Shika yote mawili, usiache hata moja."

Kisha akanyanyuka. Akatoa gunia la sukari, ile sukari yake yote ya oda za mwezi ule, akajitwika. Akampa Zaituni chujio, mimi akanipa sufuria kubwa. Tukarudi. Mama hakuingia uani. Aliweka gunia chini, nje ya mlango, akasema kwa sauti ya kusikika ndani:

"Mama Odette, nitukane ukitaka, nitasikiliza. Lakini ndimu zilizovuliwa ganda hazifiki Jumatatu. Tukizichuma leo, tukazikamua, tukazichemsha na sukari, itakuwa siro. Siro inafika harusini bila shida. Inabidi iwe leo."

Tukasimama. Jua lilikuwa kali, matope kwenye miguu ya Mama yalikuwa yamekauka na kupasuka. Baadaye mlango ukafunguka, akatoka Odette, macho mekundu, amebeba kisu na beseni. Alikaa akaanza kukata. Sisi tukachuma. Ndimu zilikuwa laini ajabu mkononi, zinateleza. Tulikuwa tumefika nusu ya beseni Mama Odette alipotoka naye, akavuta kigoda, akakaa mbali na Mama, akachukua ndimu, akaikamua kwa hasira mpaka mbegu zikaruka. Mbegu zake alikuwa akiziokota mojamoja na kuzifunga kwenye upindo wa kitenge. Walifanya kazi mpaka alasiri bila kuambiana neno. Siro ilichemka, ikawa ya dhahabu, ikajaza madumu mawili na chupa saba. Mama Odette akachovya kijiko, akaonja, akakunja uso.

"Imepungua sukari," akasema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mama. Mama akaongeza sukari.

Msidhani mambo yaliisha siku ileile. Mama Odette hakuja kwetu wiki nzima, na aliponikuta njiani alinisalimia kama mtoto wa mtu asiyemjua. Mzee Viyane aliamua adhabu yangu: dumu moja la maji kwenye shina la mti ule kila siku mpaka mvua zianze. Nililibeba, wakati wenzangu wanaruka kamba. Kovu la panga lilitoa gundi, gundi ikakauka, na mti haukufa.

Harusi ilifanyika siku iliyopangwa. Mama alitumia lile ganda lote kwenye keki ya ghorofa tatu, na nawaambieni, wenzangu mliokuwepo mtanishuhudia, mtu aliyekaa meza ya mwisho kabisa alijua keki imekatwa kabla hajaiona. Mshenga akauliza kwenye kipaza sauti nani aliyeipika. Mama alikuwa nyuma, karibu na masufuria, hakutaka kuonekana. Mama Odette akasimama na mushanana wake, lile vazi letu la sherehe.

"Ni jirani yangu," akasema. "Yule mwizi wa maganda. Mama Hadija, uko wapi? Njoo hapa, usijifiche tena."

Watu wakacheka mpaka viti vikagongana. Mama alikuja mbele anacheka nao. Baadaye nilimkuta nyuma ya hema, amejiziba uso kwa kitenge, analia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu siku ile jina la mwizi lilimtoka Mama, likaniangukia mimi, nikawa Maganda mpaka leo.

Nadia alinisikiliza mpaka mwisho, simu kaisahau mezani. Akaniuliza, "Sasa Mama Odette yuko wapi?" Nikamwambia alimfuata Odette Ubelgiji akafia huko, na Mama yangu naye hayupo, na pale kwenye ua wa miyenzi kuna jengo la ghorofa nne lenye vioo. "Basi tupike hiyo keki," akasema.

Sikuwa na ndimu. Lakini sisi sasa tunaishi Niboye, na nyumba ya tatu kutoka kwetu ina mti wa ndimu unaochungulia juu ya ukuta. Zinaanguka barabarani, pikipiki zinazikanyaga. Nimekaa pale miaka sita na sijawahi kubisha. Tukaenda. Mlinzi akafungua kidirisha cha geti.

"Una miadi?"

Nilishtuka. Miadi ya ndimu! Nadia akanikanyaga mguu nisicheke. Baada ya simu mbili akatoka mama mmoja wa rika langu, mpole, amevaa vizuri, naye alionekana kushtuka kuliko mimi. Akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa wa mafua, maana siku hizi ndimu imekuwa dawa. Nikamwambia nataka ganda. Akacheka kwa adabu, akaagiza nijaziwe mfuko mzima, akaniaga. Mkono wake ulikuwa mkarimu, hilo siwezi kulikana.

Tulikwaruza jioni ile, Nadia na mimi, mara mbili, geuza. Alipoingiza mkono kwenye sukari na harufu ikapanda, macho yalimtoka tena, safari hii bila simu. Keki ilipopoa nilikata nusu, nikaipanga kwenye sahani yangu nzuri yenye maua, nikaifunika kwa kitambaa, nikaipeleka kwa jirani. Mlinzi aliipokea getini. Usiku ule nikapata ujumbe kwenye simu: "Murakoze cyane," yaani asante sana, na picha ndogo ya keki na mikono miwili iliyounganishwa.

Nilingoja. Enzi zetu mtu angekuja mwenyewe, angekaa, angeikosoa keki, angeondoka saa mbili baadaye. Na sahani ya jirani tulikatazwa kabisa kuirudisha mikono mitupu. Kama hakuna kitu, Mama alitia chumvi, alitia vitunguu viwili, alitia hata majani ya chai yaliyofungwa kwenye karatasi, ili mradi kiwepo kitu cha kuifanya sahani irudi tena safari nyingine.

Jumanne mlinzi alibisha. Alikuwa ameishika sahani yangu kwa mikono miwili, kwa heshima. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa, inanukia sabuni ya bei, na ndani yake hakukuwa na kitu.